Panya Hakula Meno Yangu

Nilipokuwa mtoto wa miaka sita sikuogopa mbwa, sikuogopa giza, wala yule mwalimu wetu wa hesabu aliyetetemekewa na shule nzima. Nilimwogopa panya. Na usidhani nasema panya wa hadithi. Tuliishi Woodley, Nairobi, katika moja ya zile nyumba za zamani za baraza la jiji, na dari yetu ilikuwa imevimba kwa mvua za miaka mingi. Juu yake panya walikimbia kutoka chumba cha wazazi hadi jikoni kama watu wanaohama. Baba aliweka sumu. Wakafa, wakanuka wiki nzima, kisha wakaja wengine.

Mwaka nilioanza darasa la kwanza ndio mwaka Kukhu alipokuja kukaa nasi. Kukhu ni bibi kwa lugha yetu, na huyu ndiye aliyemzaa Baba. Alitoka Bungoma kwa sababu Mama alikuwa amepata kazi ya kushona nguo katika duka moja la Ngara, na hapakuwa na mtu wa kutupokea mimi na kaka yangu Wafula tukitoka shuleni. Alikuja na sanduku moja la nguo na maneno mengi sana. Kwa kuwa nyumba ilikuwa ndogo, alipewa kitanda changu, nikalala naye.

Jino langu la kwanza lilipong'oka, Kukhu alinitoa nje, akanigeuza nikaipa nyumba mgongo, akanifundisha maneno ya kusema. Nikalirusha jino juu ya kichwa changu hadi paani nikisema, "Panya, chukua jino la zamani, uniletee jipya." Tukalisikia likigonga kigae, tukacheka. Watoto wengi wa Kenya wamelifanya hilo na hakuna aliyedhurika.

Lakini Kukhu hakuishia hapo. Jioni ile, akinichana nywele, aliongeza sehemu ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mwingine yeyote.

"Panya ana tamaa," alisema. "Ukimpa jino kwa mkono wako, anashukuru. Lakini akipita usiku akute mtoto amelala mdomo wazi, kwa nini angoje kupewa? Anaingia anaguguna mwenyewe. Mtoto wa mdomo wazi hukosa meno, mayi. Funga mdomo ukilala." Mayi ni mama, ndivyo alivyoniita kwa upendo.

Nimewauliza watu wengi wa kwetu tangu nilipokuwa mtu mzima. Kurusha jino wanakujua. Hayo mengine hawayajui. Pengine Kukhu aliyapata kwa mama yake, pengine aliyatunga jioni ile ile kwa sababu alikuwa amekwisha kuona jinsi nilivyolala.

Maana mimi nililala mdomo wazi. Kila siku, kila usiku, na hata mchana nikiwa macho mdomo wangu ulikuwa umeachama, mdomo wa chini ukining'inia. Na meno yangu yalikuwa yanaliwa. Yale ya mbele ya juu yalikuwa yamefanya ukingo wa kahawia pale yanapokutana na ufizi, na ncha zake zilikuwa zimemeguka. Nilipanda kiti nikajitazama kwenye kioo cha Baba cha kunyolea, nikaona kwa macho yangu alama za kugugunwa. Basi niambie, mtoto gani angekosa kuamini? Panya walikuwa darini, mdomo ulikuwa wazi, na meno yalikuwa yanapungua. Hata hakimu angeridhika na ushahidi huo.

Kinachonikera, na kinanikera hadi leo nikiwa na miaka zaidi ya thelathini, ni kwamba katika nyumba ile kila mtu alikuwa na jibu lake, na hakuna aliyekuwa na swali.

Mama alisema ni sukari. Alipekua mkoba wangu wa shule kila jioni akitafuta peremende, na siku moja alipokuta karatasi ya peremende ambayo hata haikuwa yangu, alinichapa kwa kandambili. "Unaniaibisha! Watu watasema silei mtoto!" Baba alisema ni uvivu wa kupiga mswaki. Alisimama nami kwenye sinki asubuhi na jioni, mikono nyuma kama askari jela, nikasugua mpaka ufizi ukatoa damu. Damu ile nayo ikawa ushahidi kwamba nilikuwa sisugui vizuri.

Shuleni mwalimu wa darasa alinihamishia kiti cha kando ya dirisha. Hakusema sababu, lakini watoto walisema kwa niaba yake. Nilinuka mdomo. Nilijua, kwa sababu mwenzangu wa kwanza wa dawati alikuwa akivuta kola ya sweta hadi puani kila nilipomgeukia. Waliniita Mdomo-wazi. "Niaje, Mdomo-wazi? Si ufunge hiyo mdomo, inzi itaingia!" Na nilisinzia darasani. Saa nne asubuhi kichwa changu kilikuwa kizito kama mtu aliyefanya kazi ya zamu. Mwalimu akaandika kwenye ripoti kwamba mimi ni mzembe, Baba akaisoma ripoti ile kwa sauti mezani.

Mama alinipeleka kliniki moja mjini. Daktari wa hapo aling'oa meno yangu mawili ya mbele, akamwambia Mama apunguze kuninunulia vitu vitamu. Nilikuwa nimemwachamia mdomo kwa dakika kumi nzima, taa ikiniwakia usoni, naye akaona yale mawili tu aliyoyaendea. Nyuma yake hakutazama. Nimemfikiria mtu yule mara nyingi kuliko inavyostahili.

Nami nilijilaumu. Usiku nilijaribu kila nilichoweza kukibuni. Nililala kifudifudi nikagandamiza kidevu kwenye mto. Nilijiziba kwa kiganja. Nilimwomba Mungu, kisha nikamwomba panya mwenyewe, kimyakimya, asiniguse. Na kila asubuhi niliamka mdomo wazi, ulimi mgumu kama kijiti, midomo imepasuka, koo limekauka hata mate ya kumeza sina. Nilijiona msaliti wa meno yangu mwenyewe. Ningewezaje kujua kwamba mwili wangu ulikuwa unafungua mdomo ule ili nisife?

Mtu pekee aliyekuwa akinisikiliza nikilala alikuwa Kukhu. Alilala nami bega kwa bega, na wazee hawalali sana. Namkumbuka asubuhi moja akimwambia Baba, ambaye alikuwa anafunga tai akichelewa kazini, "Huyu mtoto analala kama mtu anayezama. Anakoroma, ananyamaza kabisa, halafu anashtuka kama amevutwa kutoka majini."

"Mama, watoto wote wanakoroma."

"Si hivi. Nimezaa saba."

"Na usimjaze hizo hadithi za panya," Baba akasema. "Katika hii nyumba hatutaki mambo ya giza."

Hapo ndipo ukweli ulipopotea. Kukhu alikuwa anasema mambo mawili. Moja lilikuwa ngano, lingine lilikuwa jambo aliloliona kwa macho yake usiku baada ya usiku. Baba aliyafunga yote mawili katika furushi moja akayatupa. Na Kukhu naye, badala ya kulishikilia lile aliloliona, akalishikilia lile aliloliamini.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa saba, ule wakati Nairobi inapofunikwa na wingu la kijivu siku nzima na watu wote wana mafua. Mimi nilikuwa nayo. Wazazi walibaki kanisani kwa mkutano, sisi tukarudi na Kukhu, tukala, na Wafula akatoka kucheza mpira. Kukhu akaniambia nilale kidogo. Siku zile meno yangu mapya ya mbele yalikuwa yameanza kuchungulia, mawili makubwa, yenye meno-meno kama msumeno. Kukhu aliyapapasa kwa kidole chake.

"Haya ni ya ukubwa," alisema. "Haya hayarudishwi. Haya hatumpi panya."

Akachana ukanda kutoka leso yake kuukuu ya kujifunga kiunoni. Akaupitisha chini ya kidevu changu, akaupandisha hadi utosini, akafunga fundo. Alifanya kwa upole sana. Sikukataa. Nilifurahi! Nilidhani hatimaye mtu amenisaidia. Nililala nikiwa na amani ambayo sikuwa nayo kwa miezi mingi.

Ninachokumbuka baada ya hapo ni vipande. Nakumbuka kifua kinavuta na hakuna kinachoingia. Nilitaka kulia na sauti haikuwa na mahali pa kutokea. Nilipiga ukuta kwa miguu. Kukhu alikuwa jikoni anaosha vyombo, maji yanatiririka. Wafula ndiye aliyeingia kuchukua sweta yake, akanikuta, na mlio wake naweza kuusikia hata sasa.

"Kukhu! Kukhu, Nanjala amekuwa rangi ingine!"

Kukhu alikuja mbio mikono ikichuruzika maji. Vidole vyake vilishindwa na fundo alilolifunga mwenyewe. Alikimbilia kisu cha jikoni, akakata leso, na kisu kikanipitia nyuma ya sikio. Hewa iliingia kwa mlio kama wa mlango wenye kutu. Nilikuwa nimeketi kitandani nikipumua na kutapika, damu inanitiririka shingoni, Kukhu amenishika mabega, Wafula analia, na wakati huo huo wazazi wakafungua mlango.

Mama aliona ukanda wa leso ukining'inia kichwani. Alijua kinachofungwa hivyo. Sisi wote tuliwahi kuona matanga.

"Mama!" alimpigia kelele mkwewe, jambo ambalo hajawahi kulifanya kabla wala baada. "Unamfunga mtoto wangu kama maiti?"

Baba hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu kama angepiga. Alimwambia mama yake kwamba Jumamosi atamkatia tikiti ya basi arudi nyumbani, kisha akaingia chumbani. Mama alinifunga kitambaa sikioni. Jioni nzima Kukhu alikaa kwenye kigoda kando ya mlango wa jikoni, hakula, na jambo moja tu ndilo alilosema, mara tatu au nne, bila kumtazama mtu.

"Pua yake haina kazi. Huyu mtoto, pua yake haina kazi."

Mama aliondoa sahani yake ikiwa bado imejaa.

Kesho yake wazazi walikwenda kazini. Kukhu alinizuia nisiende shule. Akavaa viatu vyake vya kanisani, akanivalisha sweta mbili, tukatembea kwa miguu kutoka Woodley hadi kwenye maduka ya Adams Arcade. Hakuujua mji. Alijua kanisa, duka la unga na nyumba yetu. Lakini siku moja tukipita na Mama alikuwa ameona, juu ya ngazi fulani pale Adams, kibao kilichochorwa jino. Alilikumbuka lile jino. Alinishika mkono kwa nguvu kiasi cha kuniumiza, na kila tulipovuka barabara alisema "Yesu" kwa sauti ndogo.

Msichana wa mapokezi aliuliza kama tuna miadi.

"Mimi nataka daktari wa mdomo," Kukhu akasema. "Nitangoja."

Tulingoja mpaka karibu saa sita. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, wa sauti ya chini. Alinilaza kwenye kile kiti, akamgeukia Kukhu, akamwita shosho, yaani bibi kwa lugha ya mjini. "Shida iko wapi, shosho?"

Ningependa msomaji aelewe aliyekuwa akiulizwa swali hilo. Mwanamke wa miaka sabini hivi, asiyejua kusoma, amefukuzwa na mwanawe siku iliyotangulia. Angeweza kusema "meno", na ningeng'olewa mengine mawili. Angeweza kuficha aibu yake, nami nisingemlaumu. Alisimama wima, mikono ameikunja mbele kama mtu aliye kortini.

"Jana nilimfunga huyu mtoto mdomo na leso," alisema. "Nilitaka kuokoa meno yake. Nusura nimuue."

Daktari aliweka chini kioo alichokuwa amekishika. "Ulimfunga, halafu ikakuwa nini?"

"Akashindwa kupumua. Pua yake haina kazi, daktari. Nimelala na yeye tangu mwaka uanze. Anakoroma, ananyamaza, anashtuka. Asubuhi mdomo umekauka kama ngozi. Nimeambia baba yake. Hasikii."

Daktari hakumkemea. Aliuliza kama ninasinzia mchana, kama ninaumwa koo mara kwa mara, kama ninatafuna polepole na kusongwa na nyama. Kukhu alijibu yote bila kukosea. Ndipo daktari akanigandamiza ulimi kwa kijiti, akawasha tochi. "Sema aaa." Aliisogeza tochi karibu zaidi. Kisha akamwita Kukhu.

"Njoo uone, shosho. Unaona hizo mbili, huku na huku? Ni tonsili. Kila mtu ako nazo, lakini zake zimekua mpaka zinataka kugusana. Hapo katikati ndipo anapumulia. Na zikiwa kubwa hivi, mara nyingi kuna nyama ingine imejaa huku nyuma ya pua."

Kukhu alichungulia mdomoni mwangu. Alitazama kwa muda mrefu. Alikuwa amelala kando ya vitu vile miezi yote ile, ananisikia nikipigana navyo, na sasa alikuwa anaviona.

Mengine daktari alimweleza taratibu, nami nimelala pale mdomo wazi, kwa mara ya kwanza pasipo aibu. Alisema mate ndiyo yanayoyaosha meno mchana na usiku, na mtu anayepumua kwa mdomo mate yake yanakauka, basi meno ya mbele yanabaki makavu saa nyingi na uchafu unayala. Alisema ndiyo maana ufizi wangu wa juu ulikuwa mwekundu na umevimba hata nikipiga mswaki. Ile harufu ilitoka kwenye vishimo vya tonsili, ambamo mabaki ya chakula hujificha yakaoza, na hakuna mswaki unaofika huko. Akamwonyesha jinsi kaakaa langu lilivyokuwa jembamba na limepanda juu, kwa sababu ulimi ulikaa chini siku zote kupisha hewa, na akasema meno ya ukubwa yatakosa nafasi, yatapandana. Peremende nazo zinachangia, alisema, asipewe nyingi. Lakini mtoto huyu angeacha hata sukari ya chai, bado angeharibikiwa.

"Kwa hivyo ni kweli," Kukhu akasema polepole. "Mdomo wazi unakula meno."

"Ni kweli, shosho. Lakini usiufunge tena. Mpeleke akafunguliwe njia."

Akaandika barua ya kunipeleka kwa daktari wa masikio, pua na koo katika hospitali kubwa. Kukhu aliikunja mara nne, akaitia kifuani, na njia nzima ya kurudi aliigusa kuhakikisha bado iko.

Ningetamani kusema kwamba mambo yaliishia hapo vizuri. Jioni alimpa Baba barua ile kwa mikono miwili. Baba aliisoma amesimama.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Jana umemfunga, leo umembeba kwa madaktari bila kuniambia. Kesho utafanya nini?"

"Daktari ameona na macho yake. Mimi pia nimeona. Njoo nikuonyeshe."

"Tonsili kila mtoto ako nazo. Zinaisha akikua." Akaiweka barua juu ya kabati la vyombo, chini ya redio. Jumamosi Kukhu akapanda basi.

Barua ile ilikaa chini ya redio mwaka mmoja na miezi kadhaa. Naiona hata sasa, kona yake ikitokeza, ikigeuka njano kwa mafuta ya jikoni. Mama aliigusia mara mbili tatu, akaambiwa angoje. Nilikuwa nasikia taarifa ya habari ikisomwa juu ya jina langu. Na katika muda ule meno yangu mapya yalishuka, yakapandana kama daktari alivyosema. Yakafanya madoa meupe kama chaki, na madoa yakageuka kahawia. Nikaendelea kunuka. Nikaendelea kusinzia. Wafula alipigana na wavulana wawili kwa ajili yangu, akashindwa mara zote mbili.

Mwishowe nilivimba koo mwezi wa tano, nikiwa darasa la tatu, nikashindwa hata kumeza mate. Mama alisogeza redio, akachukua barua, akanifunga mgongoni ingawa miguu yangu ilikuwa inafika magotini pake. Hakumwuliza Baba. Nilitibiwa uvimbe kwanza, na baada ya wiki kadhaa nikafanyiwa upasuaji, zikatolewa tonsili na ile nyama ya nyuma ya pua. Nilikunywa uji baridi siku nyingi. Kisha nikapona, na usiku mmoja, anasema Mama, alikuja kunisikiliza mara tatu akidhani sipumui, kwa sababu chumba kilikuwa kimya.

Alinichukua hadi kazini kwake Ngara likizo iliyofuata. Nilisimama katikati ya marobota ya vitambaa nikanusa. Kitambaa kipya kina harufu! Mafuta ya cherehani yana harufu yake pia. Mama mwenyewe alikuwa na harufu ambayo sikuwahi kuijua. Nilikuwa na miaka tisa.

Lakini jino moja la mbele lilikuwa limekwisha kufa. Tulirudi kwa yule daktari wa Adams akalipigania, na nilipokuwa na miaka kumi na moja usaha ukajaa kwenye mzizi, akaling'oa. "Kama tungekuja..." alianza kusema, akaona Mama analia, akaacha. Hadi leo nina jino la bandia pale, na mengine yamepandana kiasi kwamba nikicheka naweka mkono mdomoni bila kujua. Kuna picha yangu ya harusi nikiwa nimefanya hivyo.

Kukhu nilimtembelea Bungoma baada ya kupona. Nilikuwa mkubwa kiasi cha kujiona mjanja. Nikamwambia, "Kukhu, hakukuwa na panya. Zilikuwa tonsili."

Alikuwa anachambua mboga. Hakukasirika. "Panya alikuwako," alisema. "Na hizo zako zilikuwako. Mimi niliona moja kwanza, nikachelewa kuona nyingine." Akanitaka nifungue mdomo. Nikaufungua, akachungulia huku na huku, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaendelea na mboga. Alifariki nilipokuwa kidato cha pili.

Baba yuko hai. Amestaafu, anaishi na Mama kwenye kipande cha ardhi walichonunua nje ya mji. Mwaka jana alipata maumivu ya jino, akayaficha mpaka shavu likavimba, na mimi ndiye niliyempeleka kwa daktari. Tulikuwa tumekaa mahali pa kungojea, mchana, watu wachache, na sijui ni nini kilichonipa ujasiri. Nadhani ni kumwona ameshika shavu kama mtoto. Nikamwuliza jambo ambalo sikuwahi kumwuliza kwa miaka yote hiyo.

"Baba, ile barua. Kwa nini uliiacha pale?"

Nilitarajia aniambie kwamba Mungu aliniponya, kama anavyosema siku zote. Alitazama viatu vyake.

"Nilikuwa na ndugu," alisema. "Simiyu. Alinifuata mimi kuzaliwa."

Sikuwahi kulisikia jina hilo.

"Alikuwa anakohoa. Wakasema ni kimeo, kile kinyama cha kooni, kimekuwa kirefu, kikatwe. Kulikuwa na mtu anakata. Mama yangu ndiye alimpeleka, nikafuata nyuma. Nilikuwa na miaka nane." Akalishika tena shavu lake. "Damu haikusimama. Alirudi amebebwa."

Kukhu alikuwa amesema amezaa saba. Nilikuwa najua sita, na sikuwahi kuhesabu.

"Sasa Mama analeta barua," Baba akaendelea, "inasema mtoto wangu akatwe kooni. Yeye. Yeye ndiye anailetea mimi."

"Ungesema, Baba."

"Ningesemaje? Yeye alikuwa hapo mbele yangu. Na alipoenda, sikujua pa kuanzia."

Nilikaa pale nikitafuta ile hasira yangu ya miaka mingi. Ilikuwapo, haikuwa imeenda popote, lakini sasa nilikuwa sijui niiweke wapi. Kukhu alimpoteza mtoto kwa kuamini, kisha akaja kwetu akiamini bado, ila safari hii alipokosea alisimama mbele ya mtu mgeni akalisema kosa lake lote. Baba hakuamini chochote cha giza. Aliogopa tu, akauita woga wake kwa jina la heshima, nami nikaulipia kwa mdomo wangu. Ningejua mapema, ningemsamehe mapema. Jino lingekuwa limeenda vilevile.

Jina lake likaitwa. Akainuka, akasimama, hakwenda.

"Twende na wewe," akasema.

Nikaingia naye. Daktari, kijana mwenye miwani, akamwuliza mzee shida ni nini, na Baba akajibu, "Ni kidogo tu." Nikasogeza kiti changu karibu. Nikasema kwamba si kidogo, kwamba ameficha wiki tatu, hatafuni upande ule, halali. Nikasema pia kwamba anaogopa, na sababu anayo, kwa hivyo daktari amweleze kila kitu kabla hajamgusa. Baba alinitazama. Hakunikemea. Kisha akaegemea nyuma, akafumba macho, akafungua mdomo.